Bi Ngoja na Nguzo za Ghorofa ya Tatu

Wanafunzi walimwita Bi Ngoja, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Ukimpelekea fomu atie sahihi, atakwambia ngoja kwanza. Ukimwambia mashine imeshatengenezwa, ngoja kwanza. Hata binti yake alipomleta mchumba nyumbani, kijana mtanashati aliyesema yeye ni muuguzi, Bi Ngoja alimkaribisha vizuri, akamwandalia chai, halafu wiki iliyofuata akaenda kupanga foleni kwenye hospitali aliyoitaja, akijifanya anaumwa mgongo. Alimkuta kijana yuko kazini, ndani ya sare, anamfunga mzee mmoja bandeji. Akarudi nyumbani akamwambia mumewe, "Kweli ni muuguzi. Ila ana haraka kidogo."

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Alicheka mpaka uzi ukamkatikia. "Na mimi ulinipeleleza?"

"Wewe nilikupeleleza miezi minane," akajibu, wala hakuwa anatania.

Kazi yake ilikuwa kuvunja zege. Alikuwa fundi sanifu katika kitivo cha uhandisi cha chuo kikuu, na maabara yake ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu, vumbi jeupe kila mahali na matangi mawili ya maji. Popote zege linapomwagwa, mafundi huchota kidogo na kujaza visanduku vya chuma vya sentimita kumi na tano kila upande. Likishashika hutolewa, hulazwa ndani ya maji, na siku ya ishirini na nane michemraba hiyo huja maabara. Bi Ngoja aliiweka kwenye mashine mmoja mmoja, mashine ikaikandamiza mpaka ikapasuka, naye akaandika kwenye daftari kila mmoja ulistahimili kiasi gani. Mchemraba ukipasuka mapema, ujue na nguzo iliyomwagwa kwa zege hilohilo haifai.

Hakuingia hapo kwa mlango wa mbele. Miaka ishirini na tisa nyuma alikuja kama mfagiaji. Wakati huo kitivo kizima kilikuwa vyumba viwili vya mihadhara, karakana moja na wanafunzi arobaini, na profesa aliyekianzisha alikuwa akibeba chaki zake mfukoni kwa kuwa zikiachwa ubaoni haziamki hapo. Siku moja, akifagia vipande chini ya mashine, Bi Ngoja aliona kwamba mchemraba ukishapasuka, mshale wa mashine haurudi sifuri. Unabaki juu kidogo, kama mtu aliyechoka kukaa. Alitazama siku tatu ili asijitie aibu. Siku ya nne akamwambia profesa. Profesa aliutazama ufagio, kisha akautazama mshale. Majibu ya wiki mbili yakatupwa. Mwezi uliofuata mfagiaji akapewa koti la maabara, na baadaye akapelekwa chuo cha ufundi kwa miaka miwili, na kitivo ndicho kilichomlipia.

Profesa yule hakuwahi kumsifu hata siku moja. Alimwambia tu, "Mashine ikikupa jibu unalolitaka, irudie." Alishafariki, na picha yake ilining'inia kwenye ukumbi, imepinda upande kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kitivo kilikua mbele ya macho yake kama mtoto wa jirani, leo anatambaa, kesho unamkuta ana ndevu. Waliongeza idara ya umeme, wakaongeza ya mitambo, wakaongeza ya maji na mazingira, halafu ya kompyuta. Wasichana, waliokuwa watatu mwaka ule wa kwanza, sasa walikuwa karibu theluthi. Waliosoma humo walijenga madaraja na mitambo ya kusafishia maji, na wengine walirudi kufundisha, wamevaa tai, wakimwamkia Bi Ngoja kwa adabu kwa sababu aliwahi kuwatoa nje ya maabara kwa kuvaa kandambili. Wanafunzi walipopita elfu moja, viti vilitolewa nyuma ya ukumbi ili watu wasimame. Hapo ndipo ikaamuliwa lijengwe jengo jipya la ghorofa sita, mkabala na la zamani. Na hapo ndipo roho yake ilipoanza kumwenda mbio.

Kwanza, mkuu mpya wa kitivo. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, aliyesoma mbali, mwenye suti zinazomkaa na kumbukumbu ya kutisha. Wiki ya kwanza alishajua majina ya walinzi, na ya wake zao. Bi Ngoja hakumpenda mtu anayekumbuka sana. Alimwona mara mbili akinywa chai kwenye kibanda cha ujenzi pamoja na msimamizi wa mkandarasi, jamaa mnene ambaye kila mtu alimwita Kofia Nyeupe kwa kuwa hakuivua kofia yake ya ujenzi hata akiwa ofisini. Na kila mkuu alipopita maabara aliuliza swali lilelile: "Mama, majibu ya jengo letu yanaendaje?"

"Yanaenda," alimjibu, naye akatabasamu na kuondoka. Mkuu wa kitivo ana wahadhiri sitini na matatizo elfu. Michemraba ya zege ilimhusu nini?

Pili, mtoto wa kaka yake. Familia ilimwita Injinia tangu alipokuwa darasa la tano, na kwa kweli akaja kuwa injinia, tena kupitia kitivo hichohicho, shangazi yake akimbana kuliko wanafunzi wengine. Mkandarasi wa jengo jipya alimwajiri, na kazi yake mojawapo ilikuwa kujaza michemraba, kuandika tarehe juu yake kwa rangi, na kuileta maabara. Kila Jumanne alikuja na toroli.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Weka pale. Usiweke juu ya daftari langu."

Michemraba ya msingi ilipasuka kama inavyopaswa. Zege ni kama wali wa sufuria kubwa, haliwi sawa kila upande. Mmoja ulifika nyutoni thelathini na tatu kwa kila milimita ya mraba, mwingine thelathini na nane, mwingine thelathini na tano. Kiwango kilikuwa thelathini, hivyo yote ilifaulu. Ghorofa ya kwanza hivyohivyo, ya pili hivyohivyo.

Michemraba ya ghorofa ya tatu ilikuja sita. Wa kwanza ukafika thelathini na sita. Wa pili thelathini na sita. Wa tatu, thelathini na sita na nukta mbili. Alipofika wa sita alisimamisha mashine, akaenda dirishani, akarudi. Akaweka kwenye mashine kipande cha chuma cha kujaribia ili ahakikishe haina kasoro. Haikuwa na kasoro. Wiki iliyofuata ilikuja sita mingine, yote ikapasuka mahali palepale, kama askari waliofundishwa kuanguka pamoja.

Akachukua kipande kilichovunjika, akakiosha kwenye bomba, akakiweka juani. Kokoto za jengo lile alizijua, alizipita kila asubuhi zikiwa zimerundikwa kando ya njia: za kijivu, zenye kingo kali na chembe zinazometameta. Kokoto zilizokuwa ndani ya kipande hiki zilikuwa nyeusi na mviringo, kokoto za mtoni.

Tarehe juu ya mchemraba ilikuwa mwandiko wa mtoto wa kaka yake. Nne yake, iliyo wazi juu, aliijua. Yeye ndiye aliyemshika mkono akimfundisha kuiandika.

Hakumwambia mtu. Alivifunga vipande kwenye magazeti, kila kimoja na karatasi yake ya tarehe, akavipanga chini ya sinki nyuma ya ndoo ya sabuni. Kila Jumanne kijana alikuja, akamwamkia, akashusha mzigo, na kila Jumanne shangazi alimtazama usoni akitafuta kitu. Aliona tu kwamba amekonda, na kwamba siku hizi hakai kupiga soga.

"Huli?" akamuuliza.

"Kazi nyingi, shangazi."

"Kokoto mnatoa wapi?"

Kijana aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. "Palepale pa siku zote," akasema, akaondoka bila kuchukua risiti.

Siku mbili baadaye karani wa mkuu wa kitivo alifika na barua. Mkuu alihitaji madaftari yote ya maabara ya miezi sita iliyopita, yapelekwe ofisini kwake. Sababu: tume ya ithibati itakuja kukagua kitivo, kumbukumbu zinakusanywa.

Bi Ngoja alisoma barua mara mbili. Kisha akasema lile neno lake.

"Mkuu anayataka leo," karani akasema.

"Mwambie ninayafuta vumbi."

Aliyafuta vumbi kwa siku mbili. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao akinakili kila ukurasa kwa mkono, namba kwa namba, mpaka kidole kikamvimba, ndipo akayapeleka. Nyumbani mumewe alimwona akishindwa kushika kijiko, akamuuliza kulikoni. Akamweleza yote, maana kwa mumewe hakuwa na kufuli.

Mume aliweka kando suruali aliyokuwa anaipunguza. "Kwa hiyo unamshuku mkuu."

"Namshuku."

"Na Kofia Nyeupe."

"Huyo simshuku. Huyo namjua."

"Na mtoto wa kaka yako?"

Akakitazama kidole kilichovimba. Mumewe hakurudia swali, akaenda kumtafutia maji ya moto ya kidole.

Alichofanya kwanza hakikuhitaji ruhusa ya mtu. Kwenye ratiba ya mwaka wa tatu kulikuwa na zoezi la nyundo. Nyundo yenyewe ni kifaa kama pampu ya baiskeli: unaigandamiza kwenye zege, chuma cha ndani kinapiga na kuruka nyuma, na kadiri kinavyoruka zaidi ndivyo zege lilivyo gumu. Si kipimo cha kuapia, lakini kinakuonyesha pa kutilia shaka. Miaka yote zoezi lilifanyika kwenye ukuta wa karakana. Alhamisi ile Bi Ngoja aliwaongoza wanafunzi kumi na wawili, wamevaa kofia na viatu vya kazi, mpaka kwenye lango la jengo jipya.

Kofia Nyeupe aliwapokea kwa bashasha. Nguzo za chini, karibuni. Za ghorofa ya kwanza, karibuni. Walipoelekea ngazi ya kwenda juu zaidi, akajitupa mbele yao.

"Huko juu si salama kwa watoto, mama yangu."

"Ngazi si salama?"

"Ngazi nzima, ila bado kuna mambo mambo."

"Hawa si watoto. Mwakani wataajiriwa, wengine kwako hapa. Bora waanze kuzoea mambo mambo." Akawageukia wanafunzi. "Twendeni."

Msichana mmoja mrefu, aliyekuwa na nyundo, alishapanda ngazi nne. Wengine wakamfuata. Kofia Nyeupe angeweza kuwazuia kwa kelele, lakini mafundi walikuwa wanatazama, akachagua kucheka. Kicheko chake kilikuwa kikavu kama gunia tupu.

Nguzo za chini zilikuwa zimetoa thelathini na nane, arobaini, thelathini na saba. Ghorofa ya tatu, nguzo ya kwanza, yule msichana aligandamiza nyundo akasoma: ishirini na mbili. Akadhani amekosea, akarudia. Ishirini na moja. Nguzo ya pili, ishirini na tatu. Ya tatu, ishirini.

"Mama, nyundo imeharibika?" akauliza.

"Andika unachokiona," Bi Ngoja akamwambia. "Usiandike unachokidhani."

Aliposema hivyo aliinua macho, akamwona mtoto wa kaka yake amesimama kwenye pembe, ameshika karatasi za ramani. Wakatazamana. Kijana ndiye aliyeshusha macho kwanza.

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa mkuu wa kitivo, na mfuko wa vipande vya zege unaomkata vidole. Alikuwa amepiga hesabu hivi: kama mkuu hana makosa, atasaidia. Kama anayo, basi atamwona usoni, na nakala za madaftari ziko kwa mumewe ndani ya mtumba wa vitambaa.

Alimweleza kwa ufupi. Alimpangia vipande mezani, vya kijivu vya ghorofa za chini upande huu, vyeusi upande ule, akamwekea na karatasi ya nyundo. Mkuu hakutabasamu. Alishika kipande kimoja, akakigeuza.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Hata mumeo?"

"Mume wangu anashona nguo. Zege halimhusu."

Mkuu aliinuka, akaenda mlangoni, akafunga kwa ufunguo. Bi Ngoja akashika kamba za mfuko. Kisha mkuu akachukua simu, akageukia dirisha, akasema kwa sauti ya chini, "Ni mimi. Ndiyo, ni vile nilivyofikiri. Njoo, lakini usipitie lango kubwa."

Akakata. "Mama, vipande viache hapa. Na usiseme neno kwa mtu yeyote mpaka nikwambie."

"Vipande siviachi."

"Ni vya kitivo."

"Na mimi ni wa kitivo."

Walitazamana kama wafanyabiashara wawili ambao kila mmoja anajua mizani ya mwenzake ina kasoro. Mwishowe mkuu akashusha pumzi. "Basi tugawane. Nusu kwako, nusu kwangu, na sote tutie sahihi." Wakagawana, kipande kwako, kipande kwangu, wakaandikiana karatasi, na Bi Ngoja akatoka na nusu ya mfuko na roho iliyo mkononi.

Jumatatu ikapita kimya. Jumanne toroli halikuja. Kofia Nyeupe alionekana akicheka kwenye simu. Bi Ngoja aliandika barua kwa tume ya ithibati, kurasa tatu, akaifunga ndani ya bahasha na kuiweka kifuani. Alijipa hadi Jumatano mchana.

Jumatano asubuhi lango la nyuma lilifunguliwa, likaingia gari lenye jina la chuo kingine cha ufundi. Wakashuka watu wanne na mashine ya kukatia zege, ile inayotoboa nguzo na kutoa kipande cha duara kama chupa. Pamoja nao walikuja wakaguzi wawili kutoka bodi ya wahandisi. Mkuu wa kitivo alikuwa mbele, bila koti la suti, mikono ya shati imekunjwa. Kazi ya ujenzi ikasimamishwa saa hiyohiyo. Kofia Nyeupe alivua kofia yake kwa mara ya kwanza, na watu wakaona kumbe ana upara.

Mashine ilipokuwa ikinguruma ghorofa ya tatu, mkuu alimsogelea Bi Ngoja pembeni.

"Samahani kwa siku hizi tano. Ilibidi vipimo vifanywe na watu wa nje."

"Kwa nini? Mashine yangu haina ubaya."

"Mashine yako haina ubaya. Lakini tazama nilichokuwa nakiona mimi." Akahesabu kwa vidole. "Michemraba inaletwa na mtoto wa kaka yako. Inavunjwa na wewe. Majibu yote ni mazuri, tena yanafanana mno. Nikaagiza madaftari, ukayashikilia siku mbili."

Bi Ngoja alimgeukia taratibu. "Ulikuwa unanishuku mimi."

"Miezi miwili mizima. Chai yote ile kwa Kofia Nyeupe nilikuwa nampeleleza kama anakufahamu."

Alitaka kukasirika. Alikitafuta kile kinyongo, akakikosa. Miaka ishirini na tisa alikuwa hajawahi kukutana na mtu ndani ya jengo lile anayefikiri kama yeye, na alipompata alikuwa ameshaandika barua ya kurasa tatu ya kumchongea. Akaigusa bahasha kifuani.

"Ungekuwa mimi," akamuuliza, "ungeamini sasa?"

"Hapana. Ningesubiri majibu."

"Vizuri," akasema.

Jioni ile, jua halijazama, mtoto wa kaka yake alifika nyumbani kwake. Hakukaa kwenye kochi, alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani, magoti yamemfika kidevuni. Mume wa shangazi alitaka kutoka, akaambiwa abaki.

"Sema," shangazi akamwambia.

Kijana alisema. Kuanzia ghorofa ya tatu mifuko ya saruji ilikuwa ikichepushwa kwenda kwenye ujenzi mwingine wa Kofia Nyeupe, na zege likawa linaongezwa maji ili lionekane linatosha. Michemraba ilitengenezwa kwenye yadi ya mkandarasi, mbali, kwa mchanganyiko mzuri na kokoto za huko. Yeye aliletewa ikiwa tayari, akaambiwa aandike tarehe.

"Ukaandika."

"Nikaandika. Aliniambia mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, na kwamba wanaotafuta kazi wamejaa getini." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini shangazi, kuanzia hapo alitaka tuipeleke maabara ya watu binafsi mjini. Mimi ndiye niliyemwambia tuendelee na ya chuo, iko karibu, haina gharama ya gari. Nilijua ikifika kwako utaona."

Bi Ngoja alihesabu kwa vidole. Mume wake alikuwa ameshika kipande cha chaki ya kushonea, hakichori kitu.

"Wiki nane," akasema Bi Ngoja. "Wiki nane unaniletea uongo kwenye toroli na kuniamkia. Ungeweza kunong'ona neno moja."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Na mimi niliogopa, nilidhani ni wewe. Na kumbe nusu ni wewe."

Kijana alilia kimya, mabega yakitikisika. Shangazi hakumbembeleza. Lakini hakumfukuza pia, na chakula kilipoiva alimpakulia, akala akiwa palepale kwenye kigoda.

Majibu ya vipande vya duara yalitoka wiki iliyofuata: kumi na saba, kumi na tisa, kumi na sita. Nguzo zote za ghorofa ya tatu na mwanzo wa ya nne zikabomolewa. Mkandarasi alifukuzwa, na kesi ya Kofia Nyeupe ikaenda mahakamani, ikakaa huko muda mrefu kama zinavyokaa kesi. Injinia alitoa ushahidi wote, na bodi ikamfungia kufanya kazi ya uhandisi kwa miaka miwili. Baba yake, yaani kaka wa Bi Ngoja, alisema dada yake amemkata mtoto wake miguu. Hakukanyaga kwake kwa miezi saba, na alipokutana naye barabarani aligeuka kutazama maduka.

Hilo lilimuuma kuliko yote. Alipika, akaenda kazini, akavunja zege, na mchana alikaa kwenye kiti chake akitazama dirisha la juu. Wanafunzi walisema amepoa. Aliacha hata kusema ngoja.

Kuhusu kitivo, wengi walitegemea habari ile izimwe. Mwaka wa ithibati, nani anataka aibu? Badala yake mkuu aliwapokea wakaguzi wa tume ukumbini, akawawekea mezani vipande vyeusi na vya kijivu, na akamwita yule msichana mrefu wa nyundo aeleze mwenyewe alichokisoma na kwa nini hakukibadilisha. Bi Ngoja alikaa nyuma, mikono imefumbatwa, akisubiri pale mkuu atakapojisifu. Alisubiri mpaka mwisho. Mkuu alisema tu kwamba kitivo kilikuwa na kasoro: michemraba ya ujenzi ilikuwa ikichukuliwa na mkandarasi peke yake bila mtu wa chuo kuwapo, na hilo limeshabadilishwa. Wakaguzi waliandika sana. Ithibati ilipita, na mwenyekiti wao aliomba kutembelea maabara ya zege, akakaa humo saa nzima.

Jengo lilifunguliwa likiwa limechelewa miezi kumi na minne. Maabara mpya iko chini kabisa, ina mashine mbili na tangi la maji lenye kipimajoto. Kila mwanafunzi wa ujenzi sasa anakaa humo wiki mbili, anachanganya zege lake, analivunja, na kwenye ripoti yake kuna ukurasa mmoja wa lazima wa kuandika ni jibu gani halimridhishi na kwa nini. Mwaka huo waliomba kujiunga wengi kuliko miaka yote, na Bi Ngoja hakukubali kwamba ni kwa sababu ya jengo zuri mpaka alipowauliza wapya thelathini, mmoja mmoja. Ishirini na mmoja walitaja nguzo.

Mkuu alimwandikia barua ya kupandishwa cheo kuwa fundi sanifu mkuu. Akaisoma mara mbili, akampelekea mumewe aisome ya tatu.

"Unatafuta nini humo?" mume akauliza.

"Sijui. Lazima kuna kitu."

"Kuna cheo. Tia sahihi, mke wangu."

Akatia, siku ya tatu.

Kaka yake alikuja Jumapili moja mchana bila kutoa taarifa. Alikaa kwenye kochi, akaulizia mgongo wa shemeji yake, akaulizia bei ya nyuzi, akazunguka mbuyu weee. Mwishowe akasema mtoto wake amepata kibarua cha kufundisha hesabu kwenye shule ya sekondari mpaka adhabu ya bodi iishe, na kwamba analala vizuri sasa, anakula.

"Anafundisha vizuri?" Bi Ngoja akauliza.

"Wanasema vizuri."

"Nani wanasema?"

Kaka alimtazama, akataka kununa, kisha mdomo ukamponyoka akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kubeba kitu. Akaomba maji. Dada yake akaenda jikoni kumletea, akakaa huko zaidi kidogo kuliko inavyohitajika kwa glasi moja ya maji, akifuta macho kwa ncha ya kanga. Alipotoka, kaka yake na mumewe walikuwa wameshaanza kubishana juu ya mpira, naye akaketi nao.